Dada Alipofanywa Mama Mkwe

Dada yangu alikatwa titi la kushoto kwa ajili ya saratani, miaka ile ya tisini tukikaa Kariobangi. Mimi nilikuwa nagonga majiko ya bati kwa nyundo pale kwa mafundi wa jua kali, ndiyo sababu sikio hili halisikii vizuri, lakini hilo tuliache. Daktari alituketisha, mimi na mume wake, akatueleza kwamba uvimbe umetoka lakini unaweza kurudi. Kuna watu, akasema, wamerithi kinga ya mwili inayouona ugonjwa ungali mbali, na wengine wamerithi kinga yenye usingizi. Hayo yamo kwenye jeni, kutoka kwa baba na mama.

"Ya huyu sijui ni ipi. Kipimo chake hapa hatuna. Basi kila nikimwita aje, nimpapase."

Tukayapeleka maneno kwa wazee wa ukoo, mtaa wa Baba Dogo. Kurithi! Hilo tulilijua. Dada alipewa jina la nyanya yetu, na nyanya alikufa mapema, tena kwa uvimbe. Basi kinga yake ni ya nyanya, ile ya usingizi. Dawa, wakasema wazee, ni kumbadilisha jina. Akapewa la marehemu shangazi yetu, mwanamke aliyeumwa na nyoka shambani akamaliza kwanza kupalilia, na sumu isimfanye kitu. Jogoo akachinjwa. Mimi nilipewa shingo, na mpaka leo sijui kwa nini shingo.

Hakuna aliyemfikiria shemeji. Kwetu mwenye jina la mtu ndiye mtu huyo, na shangazi wa mke ni mama mkwe. Humshiki mkono, huli mbele yake, hulali naye chumba kimoja. Na chumba walikuwa nacho kimoja. Shemeji, mtu wa heshima kupita kiasi, akatundika shuka katikati, akawa anasukuma sahani ya ugali kwa mwiko huku ametazama ukuta.

"Baba watoto, nigeuzie mto."

"Siwezi, mama. Ni aibu."

"Mama yako nani? Jana si ulinikanda mgongo?"

"Jana ulikuwa mke wangu."

Dada akacheka mpaka akashika kidonda.

Siku ya kliniki ikafika, kicheko kikaisha. Wazee wakatuma neno: asiende. Mgonjwa alikuwa yule wa jina la zamani. Huyu mpya akienda kupapaswa, shangazi ataona hatumwamini, ataondoka na kinga yake. Shemeji akakubali. Mimi nikanyamaza, kwa sababu ile shingo nilikuwa nimeshaila.

Nyuma ya shuka dada akaketi wima, akaita kwa sauti nzito, ya shangazi kabisa.

"Mkwe!"

"Naam, mama."

"Mama mkwe akikutuma, unakataa?"

Shemeji akanitazama. Nikatazama sufuria.

"Hapana, mama."

"Nipeleke kliniki. Na usinijibu."

Tukaenda, shemeji ametangulia mbali, mimi katikati nikipeleka maneno mbele na nyuma. Muuguzi akaita jina la zamani. Shemeji akaziba masikio. Dada akaitika, "Nipo," akaingia peke yake. Sisi tukabaki kwenye benchi.

Akatoka. "Leo hajaona kitu. Jeni ni za nani bado hajui. Nirudi tena."

Shemeji aliruka kumkumbatia, akakumbuka, mikono ikabaki hewani.

"Jina gani limeitwa pale?" dada akamwuliza.

"La mke wangu."

"Na nani ameitika?"

Shemeji akaishusha mikono mabegani mwa dada taratibu, bega la kulia kwanza, maana upande wa kushoto bado ulikuwa unauma.