Nilimpa Mfalme wa Ukungu Sauti ya Baba Mkwe

Kosa ni langu peke yangu. Naanza hivyo ili usihangaike kutafuta wa kumlaumu huko mbele. Jina sikuandikii, ingawa ukiuliza pale Tunduma, kuanzia stendi mpaka Chapwa, watu watacheka kwanza halafu watakuonyesha nyumba yangu.

Nilikuwa DJ. Siyo wa disko. Nilikuwa yule mtu ambaye sinema ya wageni ikichezwa unamsikia anaongea juu ya sauti zao kwa Kiswahili, anakuambia huyu kasema nini na yule anataka kumfanya nini mwenzake. Enzi zile za deki na CD, filamu ambayo sikuiwekea sauti ilikuwa inaozea kwenye kibanda. Nilikuwa na kichwa kikubwa, sikufichi.

Siku moja mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo tu hapo upande wa Zambia, akaniletea sanduku. La karatasi ngumu, linang'aa, ndani diski sita zimepangwa vizuri na kijitabu cha picha juu yake. "Orijino iyi, boi wandi," akasema kwa lugha ya kwao, yaani hii ni halisi, rafiki yangu, akaliweka mezani kama anamlaza mtoto mchanga.

Ilikuwa katuni ya Kijapani. Binti mwenye upanga anazunguka nchi ya milima inayoelea hewani, anatafuta mawe matano ya kumrudisha kaka yake aliyegeuzwa ndege. Anayemzuia ni Mfalme wa Ukungu, lijitu lenye pembe na joho jeusi, ndevu mpaka magotini. Ilinikamata mimi mwenyewe kabla ya wateja.

Tabu ni kwamba wanaongea Kijapani, na maandishi ya Kiingereza chini yanapita mbio. Mimi shule niliishia kidato cha pili. Nikifika neno la tatu, sentensi imeshaondoka. Kwa hiyo nilikuwa nabuni. Wateja walijua nabuni na ndicho walichokifuata. Binti wa upanga nikamfanya muuza mchele wa mpakani anayekwepa ushuru. Farasi wake nikampa lafudhi ya Kinyiha ya babu yangu wa Hasamba. Watu walicheka mpaka wakamwaga soda.

Wakati huohuo nilikuwa na mchumba. Nitamwita Tumaini, siyo jina lake. Alikuwa fundi cherehani, na alinipenda tangu nauza vocha, kabla sauti yangu haijajulikana na mtu. Baba yake alikuwa mgane, mzee wa kanisa, ananunua mahindi na ana ghala dogo Chapwa. Mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja. Kabla ya kukuuliza swali la kukumaliza, alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu, halafu akasema, "Nauliza kwa upendo tu."

Nilipokwenda kujitambulisha alinipa kiti na chai. Kisha akakohoa.

"Nauliza kwa upendo tu, kijana. Kazi yako ni ipi?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wenye sinema wanaongea, na wewe unaongea palepale."

"Ndiyo, mzee."

"Nyumbani kwenu ndivyo mlivyolelewa?"

Tumaini alitazama sakafu. Mdogo wake wa kike, Subira, akakimbilia jikoni kwenda kucheka. Mimi nikatoka pale nimevimba kama chura.

Kesho yake nilikuwa na diski ya pili ya kuweka sauti. Mfalme wa Ukungu anafika kwenye kijiji cha watu, anataka kukiteketeza. Nikashika maiki. Nikakohoa mara mbili. "Nauliza kwa upendo tu," nikasema kwa sauti ya mzee, "ni nani aliyewaruhusu kujenga hapa?" Moto ukawaka. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka nikarudia kurekodi.

Ndugu yangu, ile CD ilikimbia. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani waliinunua. Ikafika mpaka vijijini, kule Itaka. Makuli pale sokoni, mtu akikanyagwa mguu, anakohoa kwanza: nauliza kwa upendo tu, huo mguu wako una macho? Hata kanisani, mzee aliposimama kuuliza habari za mchango wa mabati, alipokohoa tu kwaya ya vijana nzima ikainama chini ya mabenchi. Yeye akadhani wameanza kuomba, akasubiri wamalize.

Tumaini alikuja na ile CD mkononi. Hakukaa.

"Huyu ni baba."

"Siyo baba. Ana pembe."

"Ana kikohozi cha baba. Toa hii sauti, weka nyingine. Nakuomba."

Nikamwambia sawa, nitafuta. Alinishika mkono kwa shukrani na akarudi kwenye cherehani yake. Nilikuwa namdanganya huku nimekodoa macho, maana diski ya tatu ilikuwa imeshatoka na watu walishaanza kuulizia ya nne.

Sasa hapa ndipo penyewe. Hapa ndipo pananiumiza mpaka leo.

Kwenye diski ya nne yule Mfalme anaingia peke yake kwenye chumba cha mawe. Ukutani kuna picha ya malkia aliyekufa. Anavua kofia yake, anaitazama ile picha, anaongea nayo muda mrefu. Sikujua anasema nini. Maandishi yalikwenda zake. Ila nilikumbuka kitu.

Tumaini aliwahi kuniambia, tukiwa wawili, kwamba kila Jumapili akitoka kanisani baba yake anaishusha picha ya marehemu mama yao, anaifuta vumbi kwa leso, na kuisimulia wiki nzima ilivyokwenda. Bei ya mahindi, nani kaumwa, binti yupi kamkosea. Anaiita "mama watoto". Wao wanakaa jikoni kimya wakijifanya hawasikii. Aliniambia huku analia kidogo.

Nikakohoa mara mbili. "Mama watoto," nikasema kwenye maiki, "leo wamenikosea tena. Mahindi nayo yameshuka." Nikaweka yote. Hata ile leso niliitaja. Hicho kipande ndicho watu walichokipenda kuliko vyote. Pale kwenye kibanda waliomba kirudishwe nyuma mara tatu, na mimi nikarudisha.

Kumbe mzee alikuwa ameanza kulainika. Tumaini alimbembeleza miezi, akiamini nimeshafuta, naye mwisho akasema walete wazee wao. Barua ikapelekwa, siku ikapangwa, Jumamosi. Na Ijumaa mchana, kwa heshima ya wageni, kwa heshima yangu mimi mbwa, mzee akaenda kunyoa.

Kinyozi ndiye aliyenisimulia. Saluni ilikuwa imejaa na televisheni ilikuwa inacheza diski ya nne. Mzee alikuwa ameshafungwa kile kitambaa shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Mfalme akaingia kwenye chumba cha mawe. Watu wakaanza kucheka kabla hata ya kikohozi, maana walishakijua. Kinyozi akazima mashine, akatafuta rimoti asiione. Mzee akasikiliza mama watoto, akasikiliza mahindi, akasikiliza leso. Kipande kilipokwisha akasema, "Malizia tu, mwanangu." Akanyolewa upande wa pili, akashukuru, akaondoka.

Kinyozi aliponiambia, wazee wangu walikuwa wameshavaa makoti. Nikajipa moyo kwamba angekuwa amekasirika angetuma mtu kutuzuia. Tukaenda.

Alitupokea vizuri mno. Kuku, wali, soda. Baba yangu mdogo, ndiye msemaji wetu, akaeleza tulichofuata. Mzee akasikiliza. Kisha akakohoa mara mbili.

"Nauliza..."

Alinitazama pale nilipokaa kwenye benchi karibu na mlango, akatazama mikono yake. Hakumalizia. Nilitamani anitukane.

"Muiteni binti," akasema.

Kwetu binti huulizwa mbele ya wote kama anawafahamu wageni. Akisema anawafahamu, mambo yanaendelea. Ni swali la desturi tu. Sijawahi kuona mtu akilijibu vingine. Tumaini akaja, akapiga magoti, akaamkia wazee mmoja mmoja. Alimwamkia hata baba mdogo, ambaye yeye mwenyewe Tumaini alishampikia ugali mara ngapi sijui.

"Mwanangu, wageni hawa unawafahamu?"

"Hapana, baba. Siwafahamu."

Baba mdogo akadhani hakusikia vizuri, akaomba aulizwe tena. Akaulizwa. Akajibu vilevile, bila kupandisha sauti, akainuka akaenda jikoni. Sisi tukaaga, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Nilikwenda kumwomba mzee radhi. Akanipa kiti, akasema amenisamehe, na naamini alisema kweli. Tumaini nilimfuata kwenye cherehani yake. Hakusimamisha mguu.

"Kumwigiza baba ningekusamehe," alisema. "Hata mimi na Subira tunamwigiza. Lakini ya mama nilikuambia wewe, na baba amejua aliyetoa siri ni mimi. Siku hizi Jumapili anaishusha ile picha, anaifuta, anairudisha ukutani. Haongei. Tunakaa jikoni tunasubiri aanze, haanzi."

Sasa ameolewa Vwawa. Maiki niliiuza. Nilijaribu kuzikusanya zile CD nizivunje, nikapata chache, maana kila aliyenayo alikuwa ameshawadurufia wenzake watano. Diski ya sita sikuiwekea sauti, kwa hiyo Tunduma hawajui kama yule ndege alirudi kuwa mtu. Wakiniuliza nawaambia hata mimi sijui.

Wewe unayechekesha watu kwa kazi, chekesha. Mcheke mkubwa, jicheke na wewe mwenyewe. Lakini ulichoambiwa na mtu akiwa analia, kiache hapohapo alipokuambia. Na akikuomba ufute, futa siku hiyohiyo. Mimi niliombwa na mtu aliyenipenda, nikamjibu sawa, nikaenda kuongeza.