Tarehe Niliyomdanganyia Daktari

Aibu ya jambo hili ninayo mpaka leo, ila bora mlisikie kwangu kuliko kwa wanawake wa kanisani kwetu Isingiro, maana wao huliongezea chumvi, na chumvi yenyewe wala haihitajiki.

Nilikuwa na miaka thelathini na nane, ndoa miaka mitano, mtoto hakuna, na siku moja tukimenya ndizi za sherehe ya kipaimara mama mkwe akaniuliza mbele ya wenzake, "Bado tu, mwanangu?" Nikachoka. Nikajibu, "Nimeshabeba, mama." Sikuwa nimebeba chochote. Vigelegele vikapigwa, nikapewa kiti (nami nikakaa!), na Mungu naye ana mambo yake, mwezi uliofuata mimba ikaingia kweli, nikaona uongo wangu umejifuta wenyewe.

Kwenye kliniki moja Nkwenda, daktari akashauri, kwa sababu ya umri wangu, kipimo cha damu kinachoangalia protini na homoni zinazotoka kwenye kondo la nyuma, ili kukadiria kama mtoto huenda ana kromosomu iliyozidi. Akaniuliza siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho. Mama mkwe alikuwa pembeni yangu, kanishikia mkoba, sasa ningesemaje? Nikataja tarehe ya mwezi mmoja kabla ya ile ya kweli, ilingane na uongo wangu wa siku ya ndizi. Daktari akahesabu wiki kumi na tatu, damu ikapelekwa Mwanza.

Baada ya wiki mbili majibu yakarudi: protini iko chini sana, homoni iko juu sana, uwezekano wa tatizo ni mkubwa. Mume wangu akaacha kula. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, akalipeleka kanisani, na Jumapili nikaombewa mbele ya madhabahu, wanawake watano wameniwekea mikono kichwani, na hata hapo sikuunganisha mambo.

Hao hao watano, pamoja na mama mkwe, wakanisindikiza kwenye altrasaundi. Chumba kidogo, mlango wazi, wote wamejazana mlangoni. Daktari akapitisha kifaa tumboni, akakunja uso, akapima tena.

"Mama, mtoto huyu ana wiki kumi na moja. Kwa tarehe uliyotupa, angekuwa na kumi na tano."

"Amedumaa?" mama mkwe akauliza, machozi yanamtoka.

Machozi yale ndiyo yaliyonimaliza. Nikasema hivyo hivyo nilivyolala, tumbo wazi limepakwa ile jeli ya baridi, "Mama, siku ile ya ndizi sikuwa na mimba. Nilidanganya. Na tarehe ya daktari nayo nilidanganya."

Mlangoni mtu akapiga mshangao wa kwetu, "Eh, waitu!"

Daktari akaeleza, bila kunitazama, kwamba viwango vile hubadilika kila wiki, na damu yangu ya wiki tisa ilikuwa imelinganishwa na ya wanawake wa wiki kumi na tatu. Mahesabu yakarudiwa, uwezekano ukashuka ukawa mdogo (si hakikisho, alisisitiza, ni makadirio tu).

Mama mkwe alifuta machozi, akasema, "Jumapili utasimama mwenyewe uwaambie."

Nikasimama. Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka.

Siku hizi nikiulizwa tarehe na mtu wa koti jeupe naitaja ilivyo, hata akiwepo askofu. Na nyie wenzangu, mkiingia kwa daktari, mwombeni mama mkwe asubiri nje.