Nusu Inchi na Mkanda wa Jeshi

Mume wangu anashona suti. Kwa maneno yake mwenyewe, huwapa watu maumbo ambayo mama zao walisahau kuwapa. Mtaa mzima unamwita Nusu Inchi, maana yuko tayari kufumua koti zima kwa sababu bega moja limezidi kiasi hicho. Na koti lenyewe lazima alivae yeye kwanza, ajitazame kiooni, ndipo mwenyewe akabidhiwe.

Ana sukari, huu mwaka wa ngapi hata sijui. Kutwa anapima viuno vya watu, ila kupima sukari yake mwenyewe ni kazi nzito. Kile kimashine alichopewa kliniki kimekaa kabatini salama salimini, hakijachoka hata kidogo.

Basi akaanza kulalamika kwamba ubavu wa kushoto unawaka moto. Akasingizia kiti. Kiti kikabadilishwa. Mara yakatoka malengelenge, yamejipanga toka mgongoni kuja chini ya titi, upande mmoja tu. Nikasema twende hospitali. Wifi yangu, dada yake mkubwa, daktari asiyesomea, akafika kabla hatujatoka. Akatazama, akatikisa kichwa, akatangaza kuwa huo ni mkanda wa jeshi, na kwamba hauui mpaka ncha zake mbili zikutane. Zikikutana, tuandae msiba. Zisipokutana, hakuna neno.

Mtu mwingine angeogopa. Mume wangu alishusha pumzi. Kumbe ugonjwa wenyewe ni suala la vipimo! Kila asubuhi nikawa nasimama nyuma yake nimeshika ncha ya futi ya kupimia nguo, yeye anasoma namba mbele ya kioo. Akiona nafasi imebaki, anacheka, anasema hapo hata bitana inaingia. Nikimtajia hospitali, ananiuliza kwa upole, kama anaongea na mteja mshamba, kwani sioni ncha ziko mbali? Niliziona. Nisichokiona ni akili yake ilikokwenda.

Malengelenge yakakauka. Akajitangazia ushindi, wifi naye akaja kupokea pongezi zake. Maumivu tu ndiyo hayakupata taarifa. Yalibaki palepale, mara yanachoma, mara yanapiga kama shoti ya umeme, na ngozi ikawa haitaki kuguswa hata na upepo wa feni. Hapo ndipo nilipomburuta hospitali.

Daktari, binti mdogo, alitueleza taratibu. Ni virusi vya tetekuwanga ya utotoni, hulala kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, huamka kinga ya mwili ikipungua, na mwenye sukari yuko hatarini zaidi. Kisha akauliza mbona tumechelewa, maana dawa za kuvidhibiti hufaa zaidi zikianzwa ndani ya siku tatu hivi tangu malengelenge yatoke. Mume wangu akamweleza habari za futi.

"Mzee," daktari akasema, "mkanda huu hufuata mshipa mmoja, upande mmoja. Haukuwa na safari ya kuzunguka. Na hata ungezunguka, si hilo linaloua mtu."

Akapewa dawa za maumivu ya mishipa, akaambiwa arudi ili ziongezwe polepole mpaka zimfae. Hakurudi. Alimeza zile za kwanza, akasema ni unga mtupu. Ukweli naujua mimi: bingwa wa vipimo aliona aibu kusahihishwa na mtoto wa kike.

Sasa tazameni. Mtu anayevalisha mji mzima akawa anakaa kifua wazi nyuma ya pazia la duka lake, kwa sababu shati likimgusa ubavu anauma meno. Hajaribu tena makoti ya wateja. Wateja nawapima mimi, yeye ananiuliza namba kwa ndani kama mfungwa. Ukimuuliza hali, anasema kidogo tu. Siku moja nikamkuta anaifunika cherehani. Akasema ataiuza, fundi asiyeweza kuvaa nguo ashone nini? Hapo niliogopa kweli. Kuishi naye akiwa mgonjwa nimezoea, lakini akiwa hana kazi simjui ni nani.

Cherehani ile sikuwahi kuruhusiwa hata kuipangusa. Nikaifunua. Nikachukua shuka kuukuu, laini kwa kufuliwa, nikamshonea shati. Upande wa kulia ni shati kamili. Wa kushoto nimekata chote kuanzia chini ya bega, ubavu ukabaki na hewa yake.

Akaligeuzageuza. Kola imelala upande, mishono imepinda, na tofauti ya mabega si nusu inchi, ni aibu tupu. Akanihesabia makosa moja moja, kwa sauti yake ile ya dukani, nami nikamwacha aseme, maana sauti hiyo nilikuwa nimeikosa. Kisha akalivaa. Hakwenda kwenye kioo. Akakaa, mikono mapajani.

"Inauma, mama watoto," akasema. "Inauma sana. Silali."

Miaka yote ya ndoa, hata sindano ya cherehani ikimpita kidoleni, husema kidogo tu. Nilikuwa nimemwekea maneno, mengi na makali, yeye pamoja na dada yake. Nikayaacha. Nikafunga duka mchana kweupe, tukaenda zetu hospitali kwa miguu, yeye kavaa shati lile, barabara nzima inamwona.