Nundu Haikuulizwa

Asubuhi hii nimetwanga muthokoi kwa mkono. Si kwamba hakuna mashine. Hapa Kiboko mashine ya kukoboa mahindi iko ng'ambo ya barabara, mkabala na hoteli yangu, na mwenyewe hunikopesha hata nikiwa sina kitu. Lakini kuna mzee anayeketi nyuma ya jikoni yangu, kwenye kiti cha plastiki, akiota jua, na huyo nataka ale vile alivyotulisha sisi: mahindi matupu yaliyotwangwa kwa kinu, bila maharagwe, bila kitunguu, bila tone la mafuta. Ni mjomba wangu, ndugu ya mama. Nilimtoa kijijini Nuu mwenyewe nikamleta hapa, na nisikufiche, rafiki yangu, sikumleta kwa mapenzi.

Lakini mchi nao una mambo yake. Unaupiga hivi, tu, tu, tu, unafikiri unapika, kumbe umesharudi kwenu.

Mama alipokufa nilikuwa darasa la sita na mdogo wangu yuko la tatu. Baba hatukumjua, kwa hivyo usiniulize. Baada ya matanga, jamaa walibaki wakitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme, na mjomba ndiye aliyesimama akafunga godoro letu juu ya punda. Hilo nampa, ni lake. Tukamfuata kwa miguu mpaka Nuu, mdogo wangu akilala njiani huku anatembea.

Na nikuambie ukweli, boma lile tulilipenda. Lilikuwa na nyanya, mama mzazi wa mjomba, aliyesokota mkonge kwenye paja lake kutwa nzima mpaka paja likawa linang'aa, na alisuka viondo hata akitembea. Alfajiri ulisikia njuga za mbuzi kabla hujafumbua macho. Kiangazi tuliteremka mtoni na punda na mitungi, mto wenyewe mchanga mtupu, tukachimba shimo hadi mabegani, kisha tukakaa kimya tukingoja maji yajitokeze polepole, safi na ya baridi, tukayateka kwa kibuyu kilichokatwa. Mdogo wangu alikuwa akiandika kwa kidole kwenye mchanga mbichi kando ya shimo. Aliandika kila kitu alichofundishwa siku hiyo, halafu punda anapita juu yake, naye anacheka anaanza tena. Mimi sikuwa mtu wa vitabu, mimi nilikuwa mtu wa kazi. Yeye, wah, yeye mwalimu alimtuma darasa la juu akawasomee wakubwa ili waone aibu.

Sasa sikia baraza. Chifu aliita watu uwanjani kwake, na kulikuwa na mama mmoja aliyefika na gari jeupe kutoka ofisi ya watoto. Akaeleza kwamba jamaa waliochukua mayatima watasaidiwa: chakula kidogo, sare za shule, na kubwa kuliko yote, karo, mtoto akifika sekondari. Chifu akaanza kuita majina ya walezi. Akaita la mjomba.

Mjomba akasimama, akavua kofia. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuongoza wimbo kanisani. Akasema, "Mama, asante, lakini pesa hizo wapeni wasio na watu. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Hawa ni damu yangu, na damu hailipiwi."

Loo, uwanja ulilipuka! Makofi, vigelegele, mchungaji akasema amina kwa sauti, wazee wakamshika mkono mmoja mmoja. Hata mimi nilipiga makofi, mtoto anajua nini. Mdogo wangu akanivuta nguo akaniuliza, "Kwani tumepewa nini?"

Nikamwambia sijui.

Jioni mjomba alisimulia habari ile jikoni, akairudia, kila mara inakuwa tamu zaidi. Nyanya alikuwa anasuka, hakuinua uso. Mjomba alipoishiwa na maneno, nyanya akamuuliza, "Na nundu yenyewe, umeiuliza?" Mjomba akacheka, akasema wazee wakizeeka wanapenda mafumbo. Tangu siku hiyo nyanya alianza kutufichia vitu: kipande cha mafuta, ndizi moja ya sokoni, konzi ya njugu mawe kwenye fundo la leso yake.

Maana njaa ilikuja, si unajua kwetu. Mvua za vuli zilitupa kisogo, mbaazi zikakauka zikiwa na maua, ndengu hazikutoa kitu. Waliokubali msaada walibeba unga na maharagwe kutoka kwa chifu, wakipita mbele ya boma letu wakiwa wameinamisha vichwa, na mjomba akiwasalimia kwa huruma kubwa. Sisi tulikula muthokoi mtupu na chai ya strungi, isiyo na maziwa. Nisimsingizie, naye alikula hicho hicho. Kama angekuwa anakula nyama akitunyima, ningemchukia mara moja na yaishe. Lakini alikula muthokoi wake mtupu ameketi wima, ameshiba yale makofi. Maskini jeuri! Sisi makofi hayakufika kwenye sahani zetu.

Wanawe wawili walisoma sekondari. Karo yao ilitoka kwa mbuzi wa boma lile, na mbuzi hao ni mimi na mdogo wangu tuliowachunga, tukachomwa na miiba nyuma yao, tukawazalisha usiku wa mvua. Mimi nilipomaliza darasa la nane sikuomba kitu. Lakini mdogo wangu alipofanya mtihani, akaongoza shule, akaitwa shule ya wasichana yenye bweni, zizini hapakuwa na mbuzi tena isipokuwa jike mmoja mkongwe.

Mwalimu alikuja kwa baiskeli, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Alikataa hata chai. Akasema, "Mzee, nimetoka kwa chifu. Jina la mtoto bado linaweza kuingizwa, na karo yote italipwa. Ni wewe tu useme neno moja."

Mjomba akaitazama ile baiskeli. Nikadhani atakubali, Mungu ananiona, nilianza kutabasamu. Akasema, "Mwalimu, nilisema mbele ya watu. Unataka nirudi kulamba matapishi yangu?"

"Si yako, mzee. Ni ya mtoto."

"Mtoto ni wangu. Kama Mungu anataka asome, atafungua njia."

Njia ilikuwa imefunguliwa, rafiki yangu! Ilikuwa imesimama pale pale uani, imeshika baiskeli! Mdogo wangu alikuwa mlangoni mwa jikoni, amefua sare yake ya shule ya msingi na kuipiga pasi ya makaa, maana alisikia kwamba mtu huripoti shule mpya akiwa msafi. Hakulia. Aliingia ndani akaikunja ile sare, akaiweka chini ya godoro. Mwalimu aliondoka akisukuma baiskeli, hakuipanda.

Siku ya soko iliyofuata mdogo wangu alipelekwa mji wa Migwani kuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa mwenye duka mmoja. Alipanda lori la wafanyabiashara wa mifugo, watu wa kutoka kaskazini-mashariki, waliokuwa wamenunua mbuzi Nuu. Mzee mmoja wao mwenye ndevu nyekundu za hina alimpa nafasi mbele kwa dereva, akaniambia, "Usihofu, binti, huyu ni mtoto wetu pia." Mgeni, hajui hata jina letu. Nyanya alisimama kando ya barabara na kiondo chake ambacho hakijakwisha, akamtupia dirishani vile vile, nyuzi zikining'inia. Mdogo wangu alikuwa na umri wa kuandika insha, akaenda kuosha nepi.

Pale nikaapa. Sikuapa kwa sauti, niliapa kwa meno. Nikajiambia, mzee huyu siku moja atakuwa mtoto mikononi mwangu, na neno lake nitamrudishia kama lilivyo, mbele ya watu wale wale, na nitamtazama usoni. Nilikwenda nalo Kiboko nilipopata kibarua cha kupalilia mashamba ya utafiti. Nilikuwa nalo nikichoma chapati za madereva wa malori, nilikuwa nalo nikinunua sufuria ya kwanza ya hoteli yangu. Nyanya alipokufa nilikwenda kumzika nikarudi nalo. Wengine huweka akiba benki.

Na siku ikafika. Malipo ni hapa hapa duniani, walisema wa kale, mimi sikuongeza. Mke wa mjomba alitangulia, wanawe wako Nairobi na simu hawashiki, mzee akabaki peke yake katika boma lisilo hata kuku. Mdogo wangu akanipigia kutoka Migwani, ambako sasa anauza mboga sokoni. Yeye ana roho ya nyanya. Akasema, "Dada, tumchukue. Akae kwako, na wakati wa baridi nitakaa naye mimi." Nikakubali haraka mpaka akashangaa.

Nilipofika Nuu nikakuta baraza limeitwa, chifu mpya anaandikisha wazee wapate zile pesa za serikali za kuwasaidia wakongwe. Nilidhani naota. Uwanja ule ule! Waliompigia makofi wakati ule wako pale, wazee sasa, wameegemea fimbo, wanangoja zamu. Jina la mjomba likaitwa, chifu akauliza mlezi wake ni nani. Nikasimama. Nilikuwa nimevaa gauni langu la harusi za watu. Mapigo ya moyo yalinigonga masikioni kama mchi.

Nikasema, "Chifu, asante, lakini pesa hizo wapeni wasio na watu. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Huyu ni damu yangu, na damu hailipiwi."

Kisha nikageuka nimtazame. Nilikuwa nimeungojea uso ule tangu nikiwa msichana. Nilitaka uanguke. Nilitaka ajue.

Mzee alisimama kwa shida, akishikilia bega la jirani yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akavua kofia. "Mmesikia?" akawaambia watu. "Mmesikia? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu nimemlea mimi!"

Na wakapiga makofi. Aki ya nani tena, wakapiga makofi kuliko mara ya kwanza.

Hakuna alichojua. Hata siku moja hakuwahi kujua. Nilimleta Kiboko nimenuna njia nzima, naye akiwaeleza abiria habari zangu. Sasa huwaeleza madereva wa malori. Na muthokoi mtupu ninaomtwangia kwa hasira, nikimpelekea anafumba macho anasema, "Mwanangu, huu ndio wenyewe. Siku hizi watu wamesahau kupika." Jana aliomba aongezewe.

Bado nilikuwa na tumaini moja, kwamba mdogo wangu akisikia atacheka. Niliyafanya kwa ajili yake. Nilingoja anipigie, na jana jioni akapiga. Watu wa Nuu wanaokuja soko la Migwani walikuwa wamemfikishia habari kwa sifa.

"Dada, ni kweli umekataa zile pesa?"

"Mbele ya watu," nikasema. "Kwa maneno yake mwenyewe. Neno kwa neno."

Nikasikia sokoni kwake wanafunga vibanda. Akasema, "Hizo dawa zake za presha, unafikiri miaka hii yote zinanunuliwa na nani?"

Sikuwa nimefikiri. Nilijua anameza dawa, mfuko wake nimebeba mwenyewe.

"Nimemnunulia kwa sukuma wiki, dada. Mtoto wangu anaingia sekondari Januari. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu, kwamba mzee akianza kupata chake, dawa zitajilipa, nami nitashughulika na karo." Hakupandisha sauti, hajawahi. "Wakati ule hakuna aliyeniuliza. Na wewe pia hukuniuliza."

Nikamwambia karo ya mtoto nitalipa mimi, yote, hata kama nitauza hoteli. Akajibu asante, lakini wao wataona vile watafanya. Nikamjua. Sote tumelelewa na mtu mmoja.

Mwezi uliopita, nikimchukua mzee, niliteremka mtoni. Mchanga haupo, rafiki yangu. Malori ya wachota mchanga yameukwangua mpaka mwamba umebaki nje, hakuna pa kuchimba shimo wala pa mtoto kuandika kwa kidole. Boma limeezuliwa mabati. Kinu cha nyanya nilikikuta kimepasuka, nikakibeba hivyo hivyo, nikakifunga kwa waya, na ndicho ninachotwangia. Mwalimu yule sijui alikozikwa. Katika vitu vyote vya boma lile, kilichobaki kizima ni lile neno la mjomba. Na aliyelitunza ni mimi.

Leo asubuhi nimemtumia chifu ujumbe kumuuliza kama jina la mzee bado linaweza kuingizwa. Amejibu kwamba niende mwenyewe, kwenye baraza lijalo, niseme mbele ya watu.

Mjomba anaita kutoka uani. Anauliza muthokoi umeiva.