Mambo Yasiyomfaa Mjapani

Siku ambayo jina langu lilisomwa nilikuwa nimekaa kando ya reli ndogo ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe, nikijipaka majivu mikononi ili utomvu uache kuniwasha. Ilikuwa saa nane mchana na kazi ya kukata ilikuwa imekwisha. Mbele yetu nyuzi zilizoanikwa kwenye waya zilikuwa zinakauka, nyeupe, safu baada ya safu, na upepo ulipopita zote ziliinuka pamoja kisha zikalala pamoja. Nilikuwa napenda kuzitazama mpaka macho yawe mazito. Kwa mbali milima ya Usambara ilikuwa imejifunga wingu kiunoni, na juu ya wingu vilele vilionekana kama havina kinachovishikilia.

Yohana Shemdoe alikuwa karibu yangu, akimwandikia barua mzee mmoja wa kutoka bara. Yohana ndiye aliyekuwa mwandishi wa kambi nzima. Alikuwa Mshambaa, kijana wa misheni, na mama yake mjane alikuwa akiishi Kwamndolwa. Mimi ni Mzigua wa Handeni, upande wa Mkata, na kusoma nilijifunza kwake, jioni moja moja, kwa kipande cha mkaa juu ya ubao. Wazee wetu walisema Wazigua na Washambaa ni ndugu. Sisi wawili hatukuhitaji kuambiwa.

Tarishi wa bomani akafika kwa baiskeli, akashuka, akafungua karatasi. Alisoma majina kumi na moja ya waliotakiwa jeshini. La Yohana lilikuwa la nne, langu la tisa. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka.

Wiki iliyofuata mama yake Yohana alikuja stesheni na viazi vitamu vya kuchemsha, amevifunga kwenye jani la mgomba. Alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemzidi Yohana mwaka mmoja, akasema, "Mhina, wewe ndiye mkubwa." Nikamwambia nimesikia.

Melini niliumwa kichwa na moyo pia. Bahari haikuwa na mwisho wala mwanzo, na mimi niliyekulia kwenye mihogo nilihisi kama nimekufa na hakuna aliyeniarifu. Yohana alinipa daftari moja kati ya mawili aliyonunua Tanga, pamoja na nusu ya penseli. Sajenti alikuwa ametuonya kwamba ni marufuku kuandika majina ya mahali, au tuko wangapi, au tunaelekea wapi, kwa sababu daftari likiokotwa na Mjapani atatumaliza. Nikamuuliza Yohana sasa tutaandika nini.

"Basi tuandike mambo yasiyomfaa Mjapani," akasema. "Andika leo wewe uko vipi."

Nilidhani ni utani. Lakini siku ile niliandika: Leo mimi ni kama chombo kisicho na mfuniko. Nikaisoma sentensi ile mara nyingi. Sikujua kama nilikuwa na sentensi ya namna hiyo ndani yangu.

Tangu hapo tukawa tunaandika kila siku, kisiwani Seloni kwenye mazoezi, na baadaye Bama, kwenye vita vyenyewe. Yohana aliandika haraka, mistari mitatu, akafunga. Mimi nilichelewa. Niligundua vitu. Niligundua kwamba hofu yangu huanza kwenye magoti, na kwamba nikiitaja kwa jina hukaa kando kidogo na kuniacha ninywe chai. Niligundua kwamba nilikuwa na hasira na baba yangu, aliyefariki nikiwa mdogo, na kwamba sikuwahi kumlilia. Yote hayo niliyakuta msituni, chini ya turubai, mvua ikinyesha na ruba wakipanda kwenye vitambaa tulivyojifunga miguuni.

Mvua kama ile ya Bama sikuwahi kuiona kwetu. Ilishuka kama mtu anayesimulia jambo refu bila kupumua. Tulitembea ndani yake siku nyingi, ngozi zetu zimekuwa za manjano kwa vidonge vya malaria, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba aliye mbele yako ni mabega tu. Wakati mwingine nilisinzia nikitembea. Niliona nyuzi za mkonge zimetandazwa juu ya miti, nyeupe, zinacheza. Nilipofumbua macho vizuri ulikuwa ukungu tu, nami nilikuwa bado natembea.

Asubuhi moja tulipewa amri ya kuvuka kijito. Kilikuwa chembamba, maji ya magoti. Upande wa pili kulikuwa na mianzi. Yohana alikuwa wa tatu kuvuka, mimi wa nne.

Ndege walikuwa wanalia. Kisha wakanyamaza.

Bunduki ya rashasha ilianza kutoka kwenye mianzi.

Nilijitupa nyuma ya mzizi mkubwa. Wawili wa mbele walianguka na hawakusogea. Yohana alianguka kwenye ukingo, nusu majini.

Alikuwa hai.

Kati yangu naye zilikuwa hatua kama nane.

"Mhina," aliita.

Nilikuwa naiona soli ya kiatu chake na msumari mmoja uliochomoza.

"Mhina."

Sikwenda.

Aliita mara ya tatu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama alivyokuwa akiniita shambani nikimpita bila kumwona. Mimi niliukumbatia mzizi ule na kuweka uso wangu kwenye matope. Ukungu ulipita juu yetu polepole. Ulipoondoka, wenzetu wa nyuma walikuwa wameizima bunduki ile kwa mabomu, na Yohana alikuwa ameacha kuita.

Sajenti aliniuliza kama Yohana alisema lolote. Nikajibu hapana, alikufa papo hapo. Nilisema hivyo bila kufikiri, na nilipokwisha kusema, ikawa ndiyo habari. Tukamzika pale pale pamoja na wale wawili. Daftari lake lilikuwa limelowa likawa uji. Langu niliacha kuliandika.

Baada ya miezi miwili hivi ulimi ukaniganda. Si kwamba nilikataa kusema. Neno lilikuja mpaka kwenye meno likarudi. Walinipeleka hospitali ya jeshi India, kwenye chumba kirefu chenye madirisha meupe, ambako mchana wote mapazia yaliinuka na kulala, yakainuka na kulala. Nililala nikiyatazama. Mara nyingi sikujua kama niko kitandani au kando ya reli ya shamba.

Kulikuwa na dresa mmoja, mfunga vidonda, mtu wa Songea, mpole, asiyependa maswali. Aliliona daftari kwenye begi langu akaniletea penseli. Hakusema niandike nini.

Niliandika mambo mengi siku zile. Niliandika uji ulivyokuwa, rangi ya mapazia, mgonjwa wa jirani aliyekuwa akiimba kwa Kiyao. Kurasa ishirini na zaidi. Nilipozisoma niliona kitu: kila nilipokikaribia kile kijito nilihamia kwenye hali ya hewa. Mtu yeyote angeona. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kisha asubuhi moja, baada ya chai, nikaandika neno moja kwenye ukurasa mtupu.

Nilimsikia.

Nililitazama mpaka likawa kama limeandikwa na mtu mwingine. Halafu nililia, na dresa akavuta kiti akaketi kwa kunipa mgongo, akikunja bandeji. Nilipomaliza nikamwomba maji. Ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya kwanza baada ya wiki tano.

Vita vilipokwisha nikarudi Korogwe, na kabla ya kwenda Handeni kwa mama yangu nilipita Kwamndolwa. Mama Yohana alinipokea mlangoni. Nikamwambia alikufa papo hapo, hakuumia. Alishukuru Mungu kwa hilo. Alinipikia.

Nikaoa, nikalima, nikarudi kazini shambani. Daftari moja lilipojaa nilianza jingine. Mke wangu, Mwanaidi, hakujua kusoma, lakini aliweza kujua kwa namna nilivyoshika kalamu kama siku hiyo nitakuwa mtu au kivuli. Kuandika kulinirudishia usingizi. Kulinifundisha nisimpigie kelele mtoto kwa ajili ya mtu aliyezikwa Bama. Lakini kila jina la mama yule lilipokuja, kalamu ilihamia kwenye mvua. Niliijua hila hiyo sasa. Mtu akishaijua hila yake mwenyewe, hawezi kujificha ndani yake kwa raha.

Mwaka wa tatu tangu nirudi nilikwenda tena Kwamndolwa. Ilikuwa siku ya kazi, asubuhi. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia niketi. Sikuketi. Nilimwambia yote, kijito, mzizi, hatua nane, nikiwa nimesimama.

Mikono yake iliacha kupukuchua.

"Alisemaje?" akauliza.

"Aliniita jina langu."

"Mara ngapi?"

"Tatu, mama."

Aliokota punje zilizoanguka nje ya ungo, moja moja, akazirudisha. Ilimchukua muda.

"Nenda," akasema mwishowe. "Leo siwezi kukutazama. Njoo Jumapili."

Jumapili nilikwenda. Alinisogezea kigoda, tukala, tukazungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala sikumwuliza. Jumapili nyingine nilikwenda tena, na nyingine, kwa miaka kumi na miwili. Mara moja tu alisema kwamba afadhali kujua, ingawa tangu ajue hajawahi kulala vizuri. Nilikwenda nayo nyumbani sentensi ile. Usingizi nilioupata mimi tangu siku ile ulikuwa umetoka kwake.

Alipofariki walimzika kwenye makaburi ya kanisa lao. Ndugu zake wa milimani walishuka, majirani wakajaa, na jeneza lilipoletwa nilishika kamba ya upande wa kichwa, mahali anaposimama mtoto wa kiume. Hakuna aliyenizuia. Tulimshusha polepole, bila kuyumba. Nilisimama pale vizuri, na nafasi ya Yohana bado ilikuwa tupu.