Nelius na Ndoo Zilizopakwa Mafuta

Nelius wa Siakago hajawahi kuomba msamaha kwa kujua kitu, na mimi nampendea hilo. Alifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha plastiki huko Thika. Kiwanda kilipofungwa, alirudi na mashine moja kuukuu, ndogo kama pasi, yenye waya mnene na mpira wa kupitishia hewa. Umeme huipiga hewa hiyo mpaka inatoka kama ulimi wa zambarau. Wenye elimu yao huuita plazma. Plastiki ikipitishiwa ulimi huo, uso wake hubadilika, rangi ikashika. Bila hivyo rangi hubanduka kama ganda la kitunguu.

Kikundi chetu cha wafuga nyuki kilimpa ndoo themanini za asali azichape jina letu. Alizipitishia plazma Jumamosi. Jumapili yeye hagusi kazi, kwa hiyo alizifungia katika chumba alichopewa na kanisa, azipake rangi Jumatatu.

Lakini maneno yalikuwa yameshazagaa kwamba moto ule si wa Mungu. Baada ya ibada, Mzee Ngari, mwenyekiti wetu na mzee wa kanisa, alichukua ufunguo wa pili akatuingiza chumbani tuziombee ndoo. Tuliziwekea mikono zote, pamoja na mafuta ya upako. Mimi pia nilipaka, sikatai. Nelius hakuambiwa.

Kufikia Alhamisi rangi ilikuwa inatoka kwa ukucha. Ngari alimwita mbele ya kikundi.

"Nelius, tulikupatia chumba ya kanisa, na wewe unatuletea moto ya kiajabu. Ona sasa. Kesho utoe vitu zako."

Nilidhani atalia, kwani hakuwa na mahali pengine penye umeme pa kufanyia kazi. Hakulia.

"Mzee, kwa heshima, kuna mtu aligusa hizo ndoo kabla nipake rangi?"

Wazee wetu ni hodari wa kutazama paa. Hasira ikanipanda, nikasema, "Tuliziombea Jumapili. Na mafuta."

Nelius alienda akaleta ndoo moja ambayo rangi ilimwishia kabla hajaifikia. Akainyunyizia maji mbele yetu. Maji yakatandaa ubavuni yakawa utando mwembamba, mahali pote isipokuwa sehemu moja. Hapo yalikataa kulowesha, yakajikusanya matone matone, na katikati ya matone tukauona mkono wa mtu, kiganja na vidole. Kidole cha kati kilikuwa kifupi. Siakago nzima inajua posho mill ya kusagia mahindi ilimkata nani kidole.

"Kwa mafuta rangi haishiki, hata kama ni ya upako," alisema Nelius. "Hizi ndoo nitaosha, nirudie zote, na nipake rangi siku hiyo hiyo. Chumba sitoki. Mkitaka kuomba, niombeeni mimi, mniwekee mikono kichwani hata mkiwa mia. Ndoo mziache."

Ngari alikohoa. Akasema kikundi kiamue, anayetaka Nelius aondoke ainue mkono.

Tulingoja. Mkono wa Ngari mwenyewe ulikuwa mfukoni, na haukutoka.