Mnavu wa Mama Kwenye Daftari la Sista

Miaka ya tisini nilifundisha shule ya msingi Mbebe. Jumamosi nilikuwa nakwenda zahanati ya parokia kumsaidia sista mmoja kutoka Peru, aliyekuwa akiandika daftari la mimea ya wilaya yetu ya Ileje. Yeye aliweka jina la Kihispania, mimi la Kiingereza, na tulipokwama Kilatini cha vitabuni kilitupatanisha.

Kazi ile ilinikolea. Kishona nguo, kile kinachong'ang'ania sketi ukipita shambani, kwao ni amor seco, yaani penzi kavu. Waingereza nao wamekipa jina la mchezo wa karata. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu, nikijiuliza ni nani alipendwa vibaya kiasi hicho hadi akamalizia hasira kwenye jani.

Siku moja tukafika kwenye mnavu. Sista akaandika hierba mora. Kitabu changu kikasema nightshade, kivuli cha usiku, na mbele yake: sumu. Cha kwake nacho kilionya. Nimekula mnavu tangu nina meno mawili, lakini niliandika "sumu" kwa wino mwekundu bila kusita. Kisomo kilikuwa kimenipanda kichwani.

Mwezi uliofuata nilijifungua, nikaenda kwa mama. Akaniletea ugali na mnavu wa karanga, maziwa yapate kushuka.

"Mama, mboga hii kitabu kinasema ni sumu."

Aliondoa sahani. Alikuwa ametulea watoto saba kwa mboga ile.

Jumapili sista akaja kumwona mtoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, lakini mimi sikupona. Mama alichuma mnavu ule ule, akauchemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaunga karanga. Alipotenga, akamega tonge, akachovya kwenye bakuli la sista, akala. Kwetu mgeni huonjewa, ili ale bila wasiwasi.

Sista akala, akaongeza. Kisha akamfuata mama bustanini na daftari lake, akauliza kila kitu: majani ya umri gani, maji humwagwa mara ngapi, na matunda je? Mama akamwonyesha matunda mabichi, akatikisa kichwa: hayo hayaliwi. Vitabu havikuwa vimedanganya, ila walioviandika hawakuwahi kukaa jikoni kwa mama. Sista akakata neno langu jekundu, akaandika mapishi.

Niliona aibu, lakini pia nilifurahi sana, maana nilikuwa na njaa. Nikanyoosha mkono kupokea sahani yangu. Mama akamega tonge, akachovya, akala kwanza.

"Mama, mimi si mgeni."

"Kula, mwanangu. Umeona mwenyewe."

Nilikula nikamaliza. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuwahi tena kunipa chakula bila kukionja mbele yangu.